Ekzosi inalia kama njuga: ubane, ubadili gasketi, uchomelee au ununue nyingine?

Kelele nyingi za pikipiki unazizoea, cheni ikilegea unazoea, madgadi ikitikisika unazoea, ila ya ekzosi, yaani bomba la moshi, haizoeleki, ipo palepale chini ya mguu wako wa kulia inakuimbia safari nzima. Yangu ilianza kidogo tu, kama sarafu ndani ya kopo, baada ya mwezi ikawa njuga kabisa, mtaani kwetu Kihonda, Morogoro, watu wanajua nimerudi kabla sijafika kona. Mama mmoja niliyempakia pale Msamvu aliniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hiki chombo kitatufikisha?"

Nikaenda gereji ya kwanza. Fundi hakusikiliza hata dakika moja, akainama, akaona kutu, akasema tumbo, ile sehemu nene ya ekzosi inayopunguza sauti, limeoza, akachomelea viraka viwili. Nikalipa nikatoka, sijafika mbali inalia vilevile, tofauti ni kwamba sasa ilikuwa inalia ikiwa na viraka.

Wa pili alikuwa mzee mmoja anafanya kazi chini ya mwembe, hana hata bango. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema washa. Akaokota gunzi la mahindi, akaligandamiza kwenye lile kava la bati linalozuia mguu usiungue, akaniambia piga resi. Kimya. Akaachia, njuga. Akagandamiza tena, kimya. "Umeona? Sasa ulichomelea nini?" Nikakosa jibu. Skrubu moja ya kava ilikuwa imeshadondoka zamani na ya pili nyuzi zake zimekwisha, basi. Akanifunga klipu ile ya kubania mpira wa maji, kazi ya dakika tano, na hela aliyochukua haikufika hata nusu ya lita ya petroli.

Tangu siku hiyo watu wa kijiweni wakiniuliza "hii ekzosi niichomelee au ninunue nyingine" mi nawauliza kwanza inalia wapi, maana machaguo yapo kama matano na kila moja linatibu ugonjwa wake, ukichanganya unalipa mara mbili kama mimi.

Inalia wapi

Anza injini ikiwa ya baridi kabisa, asubuhi kabla hujawasha. Piga tumbo la ekzosi kwa ngumi au kwa soli ya kandambili. Ukisikia kitu kinacheza ndani, kaka kaka, kama debe lenye kokoto, ujue zile sahani na vibomba vya ndani vinavyopunguza sauti vimeachia. Ukisikia bati la nje ndo linapiga, hiyo ni kava au kishikio. Alafu shika mkia wa ekzosi uutikise juu chini, ukicheza wote basi ni bolti ya nyuma au bushi yake imekufa.

Ukishawasha, sikiliza mwanzo wa bomba, pale linapoingia kwenye silinda hedi, kile kichwa cha injini. Kama kuna sauti ya chiki chiki chiki inayofuatana na injini, kali ikiwa baridi alafu inapungua ikichemka, hapo gasketi, ile ringi inayoziba maungio ya bomba na injini, inavuja, chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba ule mwanya kidogo. Angalia na masizi meusi pembeni ya nati, yakiwepo huna haja ya kubishana na mtu. Dalili nyingine ni ile unaachia mafuta kwenye mteremko na ekzosi inapiga pah pah, maana hewa ya nje inaingia kwenye mwanya inakutana na mafuta ambayo hayajaungua. Ila hii peke yake isikufanye ununue gasketi, kabureta, ile inayochanganya hewa na petroli, ikikosewa nayo inafanya hivyohivyo.

Kuna mbinu ya kitambaa, mi naipenda kuliko zote. Lowesha tambara nene, mwambie mwenzio awashe injini ikiwa ya baridi, we ziba mkia wa ekzosi kwa sekunde mbili tatu. Moshi ukikosa pa kutokea unatafuta penye tundu, utasikia tsssss. Kama umepaka povu la sabuni kwenye maungio utaliona linatoa mapovu. Usifanye hivi pikipiki ikitoka safari, utaacha ngozi ya kiganja hapo.

Ukishindwa kabisa, chukua bisibisi ndefu, ncha yake weka kwenye chuma unachokishuku na mpini uegeshe sikioni, sauti inakuja moja kwa moja. Hapo ndo utagundua wakati mwingine ekzosi inasingiziwa, kelele ni ya tapeti, vile vyuma vya kusukuma valvu, au cheni ya ndani ya injini na bomba linaibeba tu. Jaribu na klachi, ukibana na kelele ikabadilika, mara nyingi ekzosi haihusiki. Na kama inalia ukitembea tu lakini ukisimama ukapiga resi haipo, tafuta kwenye cheni, stendi na kibao cha namba kabla hujafungua chochote.

Sasa machaguo.

Kubana na klipu

Hii ni kwa kava linalotetemeka, kishikio kilicholegea na bolti ya nyuma. Ni ya bei ndogo kuliko zote na ndo watu wengi wanairuka, sijui kwanini, labda kwa sababu fundi hapati hela ndefu hapo. Klipu nunua ile isiyoshika kutu, za kawaida mvua moja ya masika zimeshakuwa kahawia. Kichwa cha klipu kigeuzie ndani upande wa tairi, lakini kisiguse tairi wala swing'amu, ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma, kikikaa nje kinachana suruali za abiria na watakusema.

Ubaya wake ni kwamba haitibu kilichooza. Kama kava limekula kutu pale linapoungana na bomba, klipu itashika miezi kadhaa alafu bati litakatika pembeni yake. Kwa mtu wa mkataba, anayelipia chombo kidogokidogo mpaka kiwe chake, ambaye boss anasubiri hesabu, yaani hela ya siku, kila jioni, miezi kadhaa sio mibaya.

Gasketi mpya

Gasketi ya ekzosi ni karing'i kadogo, haifiki bei ya lita ya petroli kwa pikipiki hizi za kawaida tunazopanda, na ni kitu cha kutumia mara moja, inapobanwa inabonyea kujaza nafasi, ukiifungua ukairudisha hairudi kuwa ilivyokuwa. Ukilinganisha na kuchomelea, hii ndo yenye faida kubwa kwa hela ndogo, ila kazi yake ina mitego na mitego hiyo ndo inafanya watu waseme "nilibadilisha gasketi na bado inalia".

Mtego wa kwanza, gasketi ya zamani inabaki mle ndani ya tundu la hedi imeshikamana, ina rangi ya masizi, haionekani. Fundi mwenye haraka anaweka mpya juu yake. Ichokonoe taratibu na bisibisi nyembamba, na vipande visidondokee ndani maana mbele yake kuna valvu.

Mtego wa pili ni stadi, zile bolti zilizopandwa kwenye hedi. Zinakaa kwenye moto na maji miaka na miaka, nati inagandana nazo, ukivuta kwa nguvu stadi inakatika na hapo gasketi ya buku mbili imegeuka kazi ya kutoboa hedi. Mwagia mafuta ya kulainisha kutu jana yake, sio dakika hiyohiyo. Asubuhi geuza nati robo, rudisha, robo tena. Ikigoma, washa injini ipate moto kidogo, zima, jaribu tena ukiwa na kitambaa mkononi.

Mtego wa tatu ndo ninaoukuta kila gereji. Wanafunga bolti ya nyuma kwanza, wanaikaza, alafu wanahangaika na mbele. Bomba linakuwa limevutwa limekaa upande, gasketi inabanwa upande mmoja, inavuja, na baada ya muda bomba linapasuka kwenye kona. Weka kila kitu kikiwa kimelegea, kaza za mbele kidogokidogo kwa zamu, hii nusu ile nusu, zikishakaa sawa ndo uende nyuma. Na usikaze kama unafunga gurudumu la fuso, hizo stadi nyingi ni nyembamba, nati zake ni za spana namba 10. Washa mpaka ichemke, iache ipoe, kaza tena kidogo. Ukishatembea siku moja mbili iangalie tena.

Kuhusu silikoni nyekundu ya kwenye tyubu, wengine wanaipaka hapo badala ya gasketi. Ile imetengenezwa kuvumilia joto la kama nyuzi 300 hivi, na moshi unaotoka kwenye valvu unapita nyuzi 500. Itakaa siku kadhaa, itageuka unga. Waya wa shaba uliozungushwa nao nimeuona, unashika kidogo zaidi, lakini kama duka la spea lipo karibu sioni sababu ya kujitesa.

Kuchomelea

Hapa sasa ndo kwenye ubishi. Kuchomelea kuna maana kama kuna ufa kwenye bomba, kishikio kimekatika, au kuna tundu moja mahali ambapo chuma kilichozunguka bado kizima. Gonga na bisibisi kuzunguka tundu, ikiita kwa sauti ya chuma, chomelea. Ikisema puf na kuzama, acha, hapo unashona nguo iliyooza, kiraka kitashika na pembeni patachanika.

Gesi au umeme? Bati la ekzosi ni jembamba, na fundi wa umeme aliyezoea mageti na madirisha akija na fimbo nene ya kuchomelea na moto mkubwa anatoboa tundu kubwa kuliko ulilomletea. Gesi kwa mkono uliotulia inakwenda vizuri zaidi kwenye bati jembamba, na fundi anaweza kujaza kwa shaba. Shaba nzuri kwa tumbo na kwa mkia, ila karibu kabisa na injini kwenye moto mwingi na mtetemo mi naona chuma kwa chuma ndo inadumu. Kama mjini kwenu kuna fundi wa mashine ya waya, yule wa kutengeneza bodi za magari, mpelekee yeye, ndo kazi yake mabati membamba. Mi nikipewa nafasi ya kuchagua ni waya kwanza, gesi pili, fimbo ya umeme nikiwa nimekwama Mikumi usiku.

Popote utakapoenda, ekzosi ifunguliwe itoke kwenye pikipiki. Nimeona watu wanachomelea ikiwa imefungwa, tangi la petroli liko pale juu, cheche zinaruka, mwenye pikipiki ameshika simu anacheka. Hata kama moto hautokei, umeme wa kuchomelea unapita kwenye fremu na unaweza kuua vitu, hasa hizi pikipiki mpya zenye kompyuta. Ikibidi sana basi toa waya za betri. Na kama ekzosi ina ile rangi ya kung'aa ya kromu isagwe kwanza mahali pa kuchomelea na msimame upande upepo unakotoka, ule moshi wake ni sumu.

Alafu kuna kitobo. Matumbo mengi ya ekzosi yana kitobo kidogo kwa chini, upana wa msumari mwembamba, kimewekwa na kiwanda makusudi. Petroli ikiungua inatoa na mvuke wa maji, injini ikipoa maji yanajikusanya tumboni, yanatokea hapo. Fundi anakiona anasema "hapa panavuja" anakiziba, bure kabisa, anakupa kama ofa. Baada ya muda tumbo linaoza kwa ndani, na wanaoumia zaidi ni wenye safari fupifupi za sokoni na kanisani, ambao ekzosi haipati moto wa kutosha kukausha hayo maji. Yangu kiraka kimoja kati ya vile viwili kilikuwa ni hicho kitobo. Nilikitoboa tena mwenyewe na drili.

Kufungua tumbo

Kama kinachocheza ni vitu vya ndani, chaguo la mafundi ni kupasua tumbo, kuchomelea sahani irudi mahali pake, kufunga tena. Kwa ekzosi ya bei kubwa ambayo spea yake hamna, sawa. Kwa hizi za Boxer na TVS ambazo spea zimejaa kila mji, piga hesabu vizuri, kupasua na kufunga ni kazi ya nusu siku na ukijumlisha hela ya fundi unaikaribia ekzosi nyingine, na mshono mpya ndo unaoanza kushika kutu.

Vijana wana njia yao, wanavitoa vya ndani vyote wanavitupa. Kelele ya njuga inaisha kweli, inakuja nyingine inayoamsha kitongoji. Wanasema pikipiki inapata nguvu, mi sijaiona hiyo nguvu, nilichoona ni kabureta inakosa mpangilio, mlipuko kila ukiachia mafuta, na trafiki anakusikia kabla hajakuona. Mwenye kubeba abiria asifanye hivi. Abiria anataka kuongea na simu.

Baadhi ya pikipiki mpya zina kile kitu kama sega la nyuki ndani ya bomba cha kusafisha moshi, kikivunjika nacho kinalia kama changarawe, na vipande vinaweza kuziba njia mpaka pikipiki ikakosa pumzi kwenye mlima. Hicho hakichomelewi. Ni kubadilisha.

Kununua: mtumba, mpya ya bei rahisi, mpya oriji

Ukishafika hapa maana yake tumbo limeoza kweli au vya ndani vimekufa. Kwa wengi wetu ekzosi mpya ni kama hesabu ya wiki nzima, kwahiyo sio ya kukurupuka.

Mtumba uliotoka kwenye pikipiki iliyopata ajali unaweza kuwa mzuri kuliko mpya ya bei rahisi, kwa sababu ni chuma kile cha kiwandani. Ukienda, itikise sikioni kwanza. Ipindue uangalie chini, ndo kunakoanza kuoza, bonyeza na kidole gumba. Angalia mshono uliopakwa rangi nyeusi mpya, rangi mpya kwenye ekzosi ya zamani inaficha kitu. Na nenda na ekzosi yako au hata picha, tundu la kishikio likipishana sentimita moja utaishia kulivuta kwa bolti, na nimeshasema bomba lililovutwa linapasuka.

Mpya ya bei rahisi ukiibeba utaijua, nyepesi. Inang'aa, inatoa sauti kali kidogo kuliko ya kwanza, na mara nyingi kava lake ndo la kwanza kulia, yaani umenunua njuga mpya. Lakini kuna mtu inamfaa: wa mkataba aliyebakiza miezi michache akabidhiwe chombo na anataka tu kifike, au anayetaka kuuza. Kama unainunua, funga klipu kwenye kava siku hiyohiyo.

Oriji ni kwa mwenye pikipiki yake na mpango wa kukaa nayo. Uzito wake ndo unaolipia. Mwambie muuzaji akupe na gasketi yake, ukisahau hiyo utafunga ekzosi mpya na gasketi kuukuu na utarudi dukani kugombana na mtu asiye na kosa.

Mtu akinipigia sasa hivi akiwa kijiweni bila hata kuiona pikipiki, jibu langu linakuwa hivi: leo gunzi na klipu, kesho gasketi, na kuchomelea mpaka unionyeshe tundu kwa kidole. Kununua mpaka ukiigonga iseme puf. Wapo wanaoniona bahili, lakini hao wengi wao wananunua ekzosi kila mwaka na skrubu ya kava hawajawahi kuigusa.

Yangu mpaka leo ina klipu ya yule mzee, imebadilika rangi kidogo, na kiraka kimoja cha ukumbusho. Wiki iliyopita ikaanza kulia tena nikitoka SUA, chuo cha kilimo, moyo ukanipasuka. Nikasimama, nikaokota kijiti maana gunzi halikuwepo, nikagandamiza kava, bado inalia. Nikagandamiza kishikio, bado. Abiria wangu akashuka, akainama, akasukuma stendi ya pembeni kwa mguu, kimya. Springi ilikuwa imechoka.